Mshangao na usahili wa moyo katika Kwaresima: maana yake nini?

Waisraeli walipoikuta mana, chakula walichopewa na Mungu jangwani, kwa mara ya kwanza, walichokitoa vinywani ni swali. Umande ulikuwa umeinuka, na chini jangwani palitapakaa kitu kidogo kilichoviringana, mfano wa sakitu, yaani umande ulioganda. Wakatazamana, wakaulizana, "Nini hiki?" Sasa fungua kitabu cha Hesabu, sura ya 21. Taifa ni lile lile, jangwa ni lile lile, chakula ni kile kile, ila maneno yamebadilika: "nafsi zetu zinakinai chakula hiki dhaifu." Mana haikuwa imeharibika hata kidogo. Watu walikuwa wameizoea.

Hali hiyo ya kukinai humkuta Mkristo wa miaka mingi kuliko anavyopenda kukiri. Baba Yetu anaijua tangu utotoni. Habari ya mwana mpotevu ameisikia mara nyingi kiasi kwamba msomaji akianza tu "Mtu mmoja alikuwa na wana wawili", mawazo yake yameshatoka kanisani, yako kwenye shughuli za mchana. Hajaiasi imani, wala hana ugomvi na Mungu. Yuko kama mkazi wa kando ya maporomoko, ambaye mgeni akimwambia "maji yenu yana kishindo!" inabidi asimame kwanza ndipo ayasikie.

Kwaresima ina makusudi mengi: toba, maandalizi ya wale watakaobatizwa Pasaka, kumfuata Kristo katika siku 40 za jangwani. Ndani ya hayo yote limo jambo hili la kumrudishia muumini macho na masikio yake. Mahubiri na mafungo ya kipindi hiki hulitaja kwa maneno mawili, mshangao na usahili, na mara nyingi hupita haraka kana kwamba kila mtu ameshaelewa.

Tuanze na mshangao. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Musa. Alikuwa kazini, akichunga kondoo wa mkwewe Yethro, akaona kijiti kinawaka wala hakiteketei. Akasema, "Nitageuka sasa, niyaone maono haya makubwa." Soma na mstari unaofuata, maana wengi huuruka: Mungu alimwita Musa baada ya kuona kwamba amegeuka ili atazame. Moto ulikuwepo, lakini sauti ilingoja mtu ageuke. Mshangao wa imani ndio kugeuka huko. Ni kukiacha kidogo kile ulichokuwa ukikifanya, ukikubali kwamba mbele yako kuna kitu kinachokuzidi, na kukitazama kabla ya kukitolea maelezo. Mtunga Zaburi ya 8 anafanya vivyo hivyo akitazama juu usiku: "Nikiziangalia mbingu zako, kazi ya vidole vyako, mwezi na nyota ulizoziratibisha, mtu ni kitu gani, hata umkumbuke?" Hajaona muujiza wowote. Ameona mwezi, ule ule wa jana.

Hapo ndipo mshangao unapoachana na tamasha, na tofauti hii inafaa kushikwa vizuri, kwa kuwa siku hizi watu wengi hutafuta mshangao kwa kufuata mambo makubwa na ya ghafla. Injili ya Dominika ya kwanza ya Kwaresima ni ile ya majaribu ya Yesu. Katika mojawapo, Ibilisi anamsimamisha juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe chini ili malaika wamdake. Lingekuwa onyesho la kukata na shoka, mji mzima ungejaa uwanjani. Yesu akakataa. Tamasha humfanya mtu atake kubwa zaidi kesho yake, na kesho kutwa kubwa zaidi tena. Hatimaye linamkinaisha upesi kuliko hata mana. Agostino, askofu wa Hippo, katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliligusa jambo hili alipohubiri juu ya ile mikate mitano. Kuuongoza ulimwengu mzima, alisema, ni muujiza mkubwa kuliko kuwashibisha watu elfu tano, lakini hakuna anayeustaajabia. Watu wanaustaajabia ule mdogo kwa sababu ni wa nadra. Na yule aliyeizidisha mikate mikononi mwake, akaendelea Agostino, ndiye anayezizidisha mbegu chache hadi zikawa mavuno. Sijui kama kuna maelezo mafupi zaidi ya ugonjwa wa mazoea.

Usahili nao hueleweka vibaya. Wapo wanaodhani ni ujinga, yaani kuamini bila kuuliza. Wapo wanaodhani ni ufukara, au ni kuvaa na kula vibaya. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anauita "unyofu na usafi kwa Kristo", na hofu yake ni fikira zao kuharibiwa hata wakauacha. Basi usahili ni hali ya moyo usiogawanyika: mtu anataka kitu kimoja, na mengine yote yanapangwa nyuma ya hicho. Martha hakukemewa kwa kupika. Aliambiwa anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi, ilhali kinachotakiwa ni kimoja tu. Na mana yenyewe ilikuwa na sharti la namna hiyo: kila mtu aokote ya siku ile. Waliojiwekea akiba hadi asubuhi waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Anayesali "utupe leo mkate wetu wa kila siku" anaomba ya leo, na neno "leo" limo mle kwa makusudi.

Zaburi ya 131 ni fupi mno, mistari mitatu tu, na inafaa kusomwa Kwaresima nzima. Inasema: "Hakika nimeituliza nafsi yangu, na kuinyamazisha, kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake." Angalia ni mtoto gani anayetajwa. Anayenyonya bado, ukimpakata, anahangaika, anatafuta ziwa, asipolipata analia. Aliyeachishwa anakaa pale pale kifuani bila kutafuta chochote. Ametaka mama tu. Lakini hakufika hapo bila machozi. Kuachishwa kuna siku zake za kilio, na mama anayesikia kilio kile hamwachishi kwa ukatili. Mfungo wa Kwaresima ukitazamwa kwa macho hayo unaeleweka zaidi kuliko ukitazamwa kama adhabu.

Kuhusu kuwa kama watoto, kuna la kuongeza. "Msipoongoka na kuwa kama vitoto, hamtaingia kamwe katika ufalme wa mbinguni" lilikuwa jibu kwa wanafunzi waliotaka kujua nani aliye mkuu. Yesu hakuwa akisifia upole wa watoto, ambao mzazi yeyote atakuambia haupo kila siku. Alikuwa akiwaondoa wanafunzi kwenye hesabu ya vyeo. Mtu anayepima kila saa yuko nafasi ya ngapi hana nafasi ya kustaajabu. Macho yake yako kwa jirani.

Sasa mambo haya mawili yanakutana wapi? Yanakutana katika kupunguza. Tazama liturujia ya Kanisa Katoliki inavyofanya. Kuanzia Jumatano ya Majivu, Aleluya haiimbwi kabisa. Wimbo wa Utukufu unaachwa, isipokuwa kwenye sherehe na sikukuu zinazoangukia humo. Maua hayapambi altare, na kinanda kinapigwa kwa kuwasaidia waimbaji tu. Dominika ya nne inaruhusu pumziko kidogo, ikiwa na mavazi ya rangi ya waridi. Majivu yenyewe hutokana na matawi ya Dominika ya Matawi ya mwaka uliopita: kilichoinuliwa kwa shangwe kinarudi kama unga mweusi kwenye paji la uso, pamoja na maneno "Kumbuka, u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi." Kisha, usiku wa Mkesha wa Pasaka, kanisa linakuwa giza, moto mpya unawashwa nje, mshumaa mmoja unaingia, na watu wanawashiana kutoka huo. Baadaye Utukufu unarudi, na Aleluya inaimbwa baada ya wiki sita za kunyamaza. Waumini waliokuwa wakiitamka bila kuisikia wanaisikia. Kanisa halikutunga Aleluya mpya. Liliiondoa ile ya zamani kwa muda. (Waorthodoksi, ni haki kusema, hawafanyi hivyo, kwao Aleluya inaendelea, hata kuzidi, katika Kwaresima Kuu. Wao wanapunguza kwa njia nyingine, hasa kwenye sahani.)

Kinachofanyika altareni ndicho mtu anachokifanya katika maisha yake kwa sala, kufunga na sadaka, mambo matatu ya Mathayo sura ya 6. Kufunga kuna sheria yake, na kwa Wakatoliki si ngumu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mlo kamili mmoja, kwa wenye miaka 18 hadi 59, kuacha nyama kunaanza na umri wa miaka 14. Mgonjwa na mjamzito hawabanwi. Zaidi ya hapo kila mtu anajichagulia, na busara ni kuchagua kile kinachomziba. Kwa mwingine ni chakula, kwa mwingine ni simu inayoshikwa kabla hata ya kufanya ishara ya msalaba asubuhi. Ukiiacha simu hiyo kwa saa ya kwanza ya siku, utakutana na jambo la kuudhi: hutaona ajabu yoyote. Utaona uchovu, na orodha ya mambo uliyokuwa ukiyakwepa. Hiyo ni sehemu ya kazi. Mwenye njaa anaonja tena ladha ya mkate mkavu, ila baada ya kuhisi njaa kwanza.

Katika sala, kupunguza ni kupunguza mwendo. Teresa wa Lisieux, mtawa Mkarmeli wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, alikiri kwamba hana nguvu ya kutafuta sala nzuri vitabuni. Alimwambia Mungu alichotaka kumwambia, kama mtoto asiyejua kusoma. Na akili yake ilipokauka kabisa, alisali Baba Yetu polepole sana, kisha Salamu Maria, na hilo likamlisha. Jaribu. Sema "Baba yetu", unyamaze. Kwamba Mwenye kuziumba nyota anaitwa Baba, na kwamba ni wetu, pamoja na yule usiyesalimiana naye, hayo pekee yanatosha kumkalisha mtu chini kwa dakika kadhaa.

Sadaka ndiyo inayozuia jambo hili lote lisigeuke kuwa starehe ya kiroho ya watu wenye nafasi. Isaya 58 hauna mzaha: saumu aliyoichagua Mungu ni kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Papa Leo Mkuu, katika karne ya 5, alihubiri kwamba kile anachojinyima mwenye kufunga kiwe mlo wa maskini. Mtu akipunguza matumizi kisha akabaki na pesa zaidi mfukoni, amebana bajeti, bado hajafunga.

Hatari iliyobaki ni kuigeuza Kwaresima kuwa mradi: malengo, alama za vyema kwenye kalenda, kujilinganisha na mwaka jana, kuwatangazia watu umeacha nini. Yesu alishaonya kuhusu uso wa kukunjamana. Angeweza pia kuonya kuhusu uso wa mshindi. Mradi hurudisha ile ile hesabu ya nani aliye mkuu. Sala ya Kwaresima ya Waorthodoksi, inayohesabiwa kuwa ya Efrem wa Syria, ina dawa yake: inaomba kuyaona makosa yangu mwenyewe na kutomhukumu ndugu yangu.

Na mshangao usipokuja? Swali hili huulizwa kwa aibu, na haipaswi kuwa hivyo. Mshangao wa imani hautegemei kujisikia vizuri. Fransisko wa Asizi alimsifu Mungu kwa ajili ya Kaka Jua, kama alivyoliita jua katika utenzi wake, mnamo mwaka 1225, wakati macho yake yalikuwa yameugua kiasi cha kutoweza kustahimili mwanga wa jua lenyewe. Teresa aliishi miezi yake ya mwisho, tangu Pasaka ya 1896, katika giza la imani, na aliendelea kusali. Hata mitume hawakuwa tayari Pasaka ilipofika. Luka anaeleza kwamba Bwana alisimama katikati yao, nao walikuwa bado hawajaamini kwa furaha, huku wakistaajabu. Naye akawauliza kama wana chakula chochote, wakampa kipande cha samaki. Kipindi cha Pasaka kina siku 50, ndefu kuliko zile 40 za mfungo, hivyo mtu aliyefika Ijumaa Kuu akiwa mkavu ana muda wa kutosha mbele yake. La kufanya ni kutovirudisha vyote alivyoviweka kando kwa mkupuo mmoja Jumatatu ya Pasaka.