Tetekuwanga ya mtoto na tetekuwanga ya baba

Tetekuwanga ikiingia mtaani, kwenye kliniki yetu ya watoto hapa Dar es Salaam huwa tunajua kitakachofuata. Analetwa mtoto wa miaka mitano, vipele mwili mzima, lakini anajinyonganyonga mapajani kwa mama anataka kushuka akacheze. Baada ya wiki mbili hivi ni zamu ya baba mtu, safari hii kwenye foleni ya watu wazima: homa kali, vipele hadi kooni, kifua kinabana, kazini haendi. "Daktari, si ugonjwa ule ule?" Ni ule ule, na kirusi ni kile kile. Kilichotofautiana ni mwili kilioukuta.

Tetekuwanga haiko peke yake. Homa ya ini aina A huenezwa kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Watoto wengi walio chini ya miaka sita huipata wasionyeshe dalili yoyote, ilhali mtu mzima mara nyingi macho hugeuka njano na akalala wiki kadhaa. Matubwitubwi kwa mvulana mdogo ni mashavu kuvimba tu. Akishabalehe yanaweza kushukia kwenye korodani. UVIKO-19 nao tuliuona wote ulivyowaelemea wazee na wenye kisukari, huku watoto wengi wakitoka na mafua.

Kwa nini mtoto huugua kidogo kuliko mtu mzima? Sababu ya kwanza, ambayo mimi naipa uzito kuliko nyingine, ni wepesi wa kinga ya puani. Utafiti uliofanyika wakati wa UVIKO-19 ulionyesha kwamba seli za njia ya hewa za mtoto huwa na vitambuzi vingi zaidi vya virusi kuliko za mtu mzima, tena vikiwa tayari kabla kirusi hakijafika. Kikigusa tu, seli hutoa interferoni, protini zinazozitahadharisha seli jirani zijifunge ili kirusi kisizaliane. Huenda ni kwa sababu pua ya mtoto haipumziki, mafua ya chekechea hayajaisha anapokea ya binamu yake. Mlinzi anayegongewa geti usiku kucha hana nafasi ya kusinzia.

Kwa mtu mzima kengele hiyo mara nyingi huchelewa. Kirusi huzaliana siku kadhaa bila bughudha, kisha mwili unashtuka na kujibu kwa hasira: chembe za kinga humiminika kwenye mapafu, mishipa midogo inavuja, maji yanajaa pale panapopaswa kuwa na hewa. Wagonjwa wengi wa UVIKO-19 waliowekewa oksijeni katika wiki ya pili walikuwa wakiumizwa zaidi na kinga yao wenyewe. Ndiyo maana deksamethasoni, dawa inayoituliza kinga, iliokoa maisha ya baadhi yao.

Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi, ambayo hufundisha chembe nyeupe za damu za aina ya T zipambane na wadudu wa magonjwa. Kwa mtoto ni kubwa na inachapa kazi. Baada ya balehe husinyaa taratibu na nafasi yake kuchukuliwa na mafuta. Hivyo mtoto ana akiba kubwa ya chembe ambazo hazijakutana na adui yeyote na ziko tayari kumsoma kirusi mgeni. Mtu mzima anategemea zaidi kumbukumbu. Kumbukumbu si haba, ndiyo inayomfanya aliyeugua tetekuwanga utotoni asiugue tena anapomuuguza mwanawe, ila kwa kirusi kipya haimsaidii sana.

Mishipa ya damu ambayo haijachakazwa na sigara, shinikizo la damu au sukari nayo inachangia. Lakini uchakavu si jibu la kila kitu: katika homa ya mafua ya 1918 waliokufa kwa wingi usio wa kawaida walikuwa vijana wa miaka 20 hadi 40, wakati watoto wa umri wa kwenda shule ndio walionusurika zaidi.

Sasa tukanyage breki. Ninaposema mtoto simaanishi kichanga. Mafua ya kawaida au kirusi cha RSV, kinachoshambulia njia ya hewa, kinaweza kumziba pumzi mtoto wa miezi miwili. Surua huua watoto wadogo, na hata wanaopona hufutiwa sehemu ya kumbukumbu ya kinga waliyokwisha kujijengea. Mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, huko Kongo imewaua zaidi watoto. Mtoto aliyezaliwa na VVU asipopewa dawa, nusu kwa nusu hafikishi miaka miwili. Kwa hiyo ile kauli ya "mtoto ana kinga zake" isiwe kisingizio cha kuruka chanjo: ya rota (kirusi cha kuhara) wiki ya 6 na ya 10, ya surua na rubella miezi 9 na 18.

Naulizwa pia kama ni busara kuwalaza watoto wote na mwenye tetekuwanga "wamalize pamoja". Hapana. Kwenye nyumba zetu za kupanga, uwani pale pale pana mjamzito wa chumba cha tatu, kichanga, na pengine jirani anayetumia dawa za saratani. Kirusi hakitabaki kwa watoto uliowakusudia.

Mtoto mwenye tetekuwanga au mafua asipewe aspirini. Inaweza kumletea ugonjwa hatari wa ini na ubongo. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake inatosha. Amoksilini ya duka la dawa haiui virusi. Na kila homa ipimwe malaria kwanza, hata kama mtaa mzima una mafua.

Akiwa anapumua haraka, mpandishe fulana akiwa ametulia, washa saa ya simu, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja kamili. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi kabla hajatimiza miaka 5, mpeleke kituo cha afya. Kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa apelekwe bila kuhesabu. Vivyo hivyo mtoto ambaye mbavu zinabonyea ndani anapovuta hewa, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea haamki: usiku huo huo, hata kwa bajaji.