Ujuzi wa mhalifu na kazi ya askari: vinapokutana, vinapoachana

Kupenya ndani bila kusikika, kufungua kilichofungwa, kughushi hati, kumfuatilia mtu kutwa nzima bila yeye kushtuka, kuvusha mzigo mpakani usiku. Mpe hakimu orodha hiyo, ataona mashtaka. Mpe mkuu wa kikosi maalumu, ataona ratiba ya mafunzo. Mahali hapo ambapo kazi ya mhalifu na ya askari zinagusana papo kweli, ila ni padogo kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kinachochanganya ni kwamba majeshi yamewachukua wahalifu kwa sababu mbili tofauti kabisa, nazo huzungumzwa kana kwamba ni moja. Wako waliochukuliwa kwa sababu ya kile wanachokijua. Na wako waliochukuliwa kwa sababu tu wapo, wana miguu miwili, na hakuna atakayewalilia sana wakifa. Hao wa pili ndio wengi.

Wa aina ya kwanza mfano wake mzuri ni Johnny Ramensky wa Scotland. Alifanya kazi migodini akiwa kijana, akazoea baruti, kisha akaupeleka ujuzi huo kwenye masefu ya watu. Alikuwa hapigi mtu wala kupigana na polisi wanapomkamata, na gereza la Peterhead alilitoroka zaidi ya mara moja. Mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, alitolewa humo. Baadaye akaingia katika makomando wa Uingereza, akawafundisha wenzake milipuko, na huko Italia akafungua masefu yenye nyaraka za adui. Hapo hakuna cha kushangaza: sefu halijui anayelifungua ana kibali au hana. Vita vilipokwisha, Ramensky alirudi kwenye masefu yasiyo yake, na mwaka 1972 akafa akiwa mfungwa.

Mwingine ni Eddie Chapman, naye mvunja masefu. Huyu ananivutia zaidi, kwa sababu kabla ya kuwa mwizi alikuwa askari wa kawaida katika kikosi cha Coldstream Guards, na alishindwa vibaya. Alitoroka kambini, akafungwa, akafukuzwa. Wajerumani walipoviteka Visiwa vya Channel, vilivyo chini ya Uingereza karibu na pwani ya Ufaransa, mwaka 1940 walimkuta gerezani katika kimojawapo, Jersey. Alijitolea kuwafanyia ujasusi, wakamfundisha, na Desemba 1942 wakamdondosha kwa mwavuli Uingereza. Akajisalimisha papo hapo na kugeuka jasusi wa pande mbili. Januari 1943 Waingereza walimsaidia kuigiza mlipuko katika kiwanda cha ndege cha de Havilland pale Hatfield. Wajerumani wakasadiki, na baadaye wakamtunuku nishani ya Msalaba wa Chuma.

Kwa hiyo mtu yuleyule hakufaa kwenye gwaride, akafaa peke yake, akiwa na jina la uongo mbele ya maafisa wanaomhoji. Kazi kubwa ya jeshi haifanani na ya Chapman hata kidogo. Ni kuamka kwa kengele, kusafisha silaha, kulinda lindo lisilokuja mtu, kutii amri usiyoipenda, na kubaki ulipo kwa sababu mwenzako anakutegemea. Mhalifu hodari mara nyingi ni hodari kwa sababu hataki lolote kati ya hayo. Ndiyo maana ujuzi wake hufaa zaidi kwenye ujasusi na vikosi vidogo, na hufaa kidogo sana katika batalioni ya watu mia kadhaa. Udukuzi wa kompyuta nao uko hivyohivyo: njia za kuvunja mfumo hazibadiliki, kinachobadilika ni aliyekutuma na atakayekuuliza ulichofanya.

Swali la aliyekutuma ni la zamani. Kwa karne kadhaa wafalme wa Ulaya waliwapa manahodha barua za idhini za kuteka meli za nchi adui. Aliye nayo alihesabika mpiganaji, asiye nayo alinyongwa kama haramia, ingawa meli, mizinga na mbinu vilikuwa vilevile. Henry Morgan aliushambulia na kuupora mji wa Panama mwaka 1671, wakati Uingereza na Hispania zilikuwa tayari zimepatana. Akakamatwa na kupelekwa London. Mwaka 1674 alipewa cheo cha heshima na kurudishwa Jamaica kuwa naibu gavana. Mchezo huo ulipigwa marufuku rasmi kwa Azimio la Paris la mwaka 1856.

Je, kibali kinatosha? Ujerumani ya Hitler ilijibu swali hilo kwa njia mbaya mno. Mwaka 1940 kilianzishwa kikosi cha majangili waliokuwa wamefungwa kwa kuwinda bila ruhusa, kwa hoja kwamba wanajua msitu, nyayo na shabaha. Kiongozi wake, Oskar Dirlewanger, mwenyewe aliwahi kufungwa kwa kosa la kingono dhidi ya msichana mdogo. Baadaye waliongezwa wahalifu wa kila aina, wakapelekwa Belarus na kisha Warsaw mwaka 1944, wakawaua raia kwa maelfu. Uwindaji haukuwa na maana tena. Walichopewa ni ruhusa, na hakuna aliyewadai hesabu.

Aina ya pili naweza kuieleza kwa ufupi, maana ujuzi hauna nafasi ndani yake. Amri namba 227 ya Stalin, ya Julai 1942, ilianzisha vikosi vya adhabu, na waliotiwa humo walipelekwa kwenye sehemu za hatari zaidi. Mwaka 2022 kundi la Wagner, jeshi la kukodiwa la Urusi, liliandikisha wafungwa kwa makumi ya maelfu: miezi sita vitani, kisha msamaha. Wengi walipewa mafunzo ya muda mfupi na kusukumwa mbele huko Bakhmut, mji wa Ukraine. Hapo hakuulizwa nani anajua kufungua sefu. Ukraine nayo ilipitisha sheria Mei 2024 ya kuwaruhusu baadhi ya wafungwa kujiunga na jeshi, lakini ikawaacha nje wabakaji na walioua watu wawili au zaidi. Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, kwa upande wake, halimpokei kuruta ambaye hakimu amempa achague kati ya jeshi na jela.

Tumezoea kuutazama mpaka huu kutoka upande wa mhalifu anayeingia jeshini. Mimi naona hatari kubwa iko upande wa pili, kwa sababu jeshi hufundisha mambo mengi zaidi ya yale ambayo gereza linaweza kufundisha: kupanga shambulio, mawasiliano, upelelezi, kuwaongoza watu chini ya risasi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 askari wa vikosi maalumu vya Mexico walitoroka na kwenda kulinda genge la dawa za kulevya la Ghuba. Hao ndio walioanzisha Los Zetas, ambao baadaye waligombana na waajiri wao na kuwa genge linalojitegemea. Mwaka 2008, mjini Nuevo Laredo, lilitundikwa bango kwa jina lao likiwaita askari na waliowahi kuwa askari, na kuwaahidi mshahara mzuri, chakula na matunzo kwa familia zao.