Kwa nini sipimi Kiswahili kwa silabi

Kazi yangu hapa Tanga ni kuhariri vipeperushi vya afya na uvuvi. Siku hizi baadhi ya wanaoniletea kazi huja na alama ya usomekaji (wepesi wa maandishi kusomeka) iliyotolewa na kompyuta, nao wanaiamini. Mimi nawasihi waiache.

Kanuni inayotumika mara nyingi ni ya Rudolf Flesch, ya mwaka 1948. Inatazama wastani wa maneno katika sentensi na wastani wa silabi katika neno, basi. Maandishi mepesi hukaribia 100, magumu hukaribia 0. Ilitungwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo maneno yake mengi ya kila siku ni mafupi.

Sasa ipe sentensi hii: "Mama anatupikia wali na samaki." Maneno 5, silabi 14. Ukikokotoa unapata kama -35. Chini ya sifuri! Na mtoto yeyote wa chekechea pale Ngamiani anaielewa. "Anatupikia" lina silabi sita kwa kuwa limebeba anayepika, wakati, wanaopikiwa na kupika kwenyewe. Urefu wa namna hiyo unamsaidia msomaji.

Kinachomlemea ni hiki: "Utekelezaji wa zoezi la ukaguzi wa nyavu zisizoruhusiwa utafanyika." Nani anafanya nini? Vitenzi vimegeuzwa majina, yakaunganishwa kwa "wa" na "la" hadi mtendaji akapotea. Mvuvi wa Deep Sea, mwalo wa hapa Tanga, atairudia, na bado hatajua nyavu zake zitafanywaje. Mimi huandika: "Maofisa wa uvuvi watakagua nyavu. Zisizoruhusiwa watazichukua."

Kupima kama maandishi yanaeleweka, nafuata njia ya Wilson Taylor ya mwaka 1953: unafuta kila neno la tano, msomaji anajaza. Kwa Kiswahili kuna tahadhari moja. Upatanisho, yaani maneno kufuata ngeli ya nomino, unamsaidia mtu kubahatisha. Akiona "nyavu ___ zimechukuliwa" ataweka "zake" au "zote" hata kama hajaelewa habari. Kwa hiyo akimaliza namuuliza: "Haya, kaka, wewe kesho utafanya nini?" Jibu lake nalithamini kuliko alama yoyote.

Na kurahisisha kusivuke mpaka. Kuna waliotaka nifute "bamvua" (siku bahari inapojaa na kupwa sana) na "maji mafu" (inapojaa na kupwa kidogo) kwa kudhani ni maneno magumu, niweke maelezo marefu. Nilikataa. Ugumu wake uko kwa anayekaa ofisini. Wavuvi wanayatumia kila wanapopanga safari.