Laini ya jiko: kwa nini jiko la umeme halichomekwi popote

Harufu ilianza kama ya samaki. Shangazi yangu wa Tanga alifungua friji, akatoa vibua wawili waliobaki tangu juzi, akawanusa, wazima. Akaenda kumwaga ndoo ya taka. Harufu haikuondoka. Siku ya pili akanipigia simu: "Mwanangu, jikoni kwangu kuna mzoga, sijui umejificha wapi."

Nilipofika nikamwomba aniwashie jiko lake jipya la umeme, la pleti mbili, ambalo alilichomeka kwenye soketi ya ukutani nyuma ya friji. Haikupita robo saa mzoga ukaanza kunuka. Ilikuwa plagi. Plastiki ngumu inayotengenezea plagi na soketi nyingi ikipata joto la kupita kiasi hutoa harufu ya samaki, wengine husema ya mkojo, na huitoa kabla hujaona hata uzi wa moshi. Nikazima, nikachomoa. Upande wa fyuzi plagi ilikuwa imebabuka rangi ya kahawia kama ukoko wa wali, na tundu moja la soketi limelainika likapinda mdomo.

Shangazi alidhani ameuziwa plagi mbovu. Plagi haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni kile ambacho mafundi umeme hukiita laini ya jiko, au pointi ya kuka kwa wale wa zamani.

Laini ya jiko ni njia ya umeme inayotoka kwenye bodi ya breka, zile swichi zinazojikata zenyewe mzigo ukizidi, na kwenda moja kwa moja hadi kwenye jiko. Njiani haigawi kwa taa, haipitii friji, haichangii na soketi za sebuleni. Ina breka yake, kebo yake nene na swichi yake kubwa ukutani. Hilo la kutochangia ndilo linaloibeba maana yote, na sababu yake ni hesabu ya darasa la saba: chukua wati za kifaa, gawanya kwa volti, unapata ampea, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya. Tanzania volti za nyumbani ni 230, Kenya 240.

Jiko la shangazi lina pleti ya wati 2000 na nyingine ya wati 1500. Ukiziwasha zote ni wati 3500, ukigawanya kwa 230 unapata ampea 15 na ushee. Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba, tuliyoirithi kwa Waingereza, imetengenezwa kwa ampea 13, na hapo mwisho wake ni kama wati 2990. Utaniambia birika nalo lina wati 2000, mbona haliunguzi kitu? Kwanza wati 2000 ni ampea 9 hivi, ndani ya uwezo. Pili, birika linachemka dakika nne linajizima. Maharage ya shangazi hukaa motoni saa mbili.

Swali alilouliza yeye ni zuri kuliko yote: "Na hiyo fyuzi ndani ya plagi, si ndiyo kazi yake kukatika?" Ndiyo, ila fyuzi ya 13 haikatiki ampea zikifika 13 na nukta. Imeundwa ivumilie mzidisho, na ampea 20 inaweza kuzibeba kwa nusu saa na zaidi. Ingekatika upesi kungekuwa na shoti, umeme ukaruka kwa mamia ya ampea. Kwa ampea 15 yenyewe inapata moto tu, inaupasha mguu wa plagi, mguu unaipasha soketi, na kila kinachoguswa kinaiva polepole. Ndiyo maana upande wa fyuzi ndio ulioungua kwanza.

Haya, tuseme umeiondoa plagi, ukaunganisha jiko kubwa moja kwa moja kwenye waya wa soketi. Wapo wanaofanya hivyo, na jiko linawaka vizuri kabisa. Tatizo limehamia ukutani, usikoona. Waya wa shaba unaotumika kwenye soketi nyingi ni ule wa 2.5, yaani milimita 2.5 za mraba. Ukiwa ndani ya bomba ukutani, salama yake ni ampea 20 hadi 23 hivi. Chukua umbali wa mita 15 kutoka bodi hadi jikoni, kwenda na kurudi mita 30 za shaba, halafu pitisha ampea 30. Joto linalozaliwa ndani ya waya huo linafika wati 200. Ni sawa na kufukia balbu mbili za wati 100, zile za zamani za moto, ndani ya plasta, ukaziacha zikiwaka muda wote unaopika. Weka waya wa 6 mahali hapo hapo, joto linashuka hadi wati 80 na kidogo, nalo linasambaa kwenye shaba nene inayolimudu.

Hapa ndipo watu wengi, na mafundi wasio na somo, wanapoteleza. Breka inakatika kila jiko linapowashwa, fundi anaitwa, anaiangalia, anasema "breka yako ndogo," anatoa ya ampea 20 anaweka ya 40. Jiko linawaka, fundi analipwa, wote wanafurahi. Kumbe breka haikuwekwa pale kulinda jiko. Imewekwa kulinda waya. Ilikuwa inakatika kwa sababu waya ulikuwa unabebeshwa mzigo usio wake, nayo ikasema. Kuiongeza ukubwa bila kubadilisha waya ni kumziba mdomo mlinzi aliyepiga kelele. Ukisikia fundi anataka kubadilisha breka peke yake, muulize waya wa nyuma yake ni wa ngapi. Akisita, mpe maji ya kunywa na nauli.

Jiko la kujengea mezani, la pleti nne za kioo, mara nyingi huwa na wati 7200 hivi. Gawanya kwa 230, unapata ampea 31. Ukiongeza oveni hesabu inapanda zaidi, na mtu anaweza kudhani kila nyumba inahitaji waya wa unene wa kidole. Si hivyo, kwa sababu jiko haliwaki lote kwa wakati mmoja kwa muda mrefu. Pleti ikishashika moto hujizima na kujiwasha yenyewe, na ni nadra upike wali, mchuzi, chai na chapati kwa mpigo, labda sikukuu. Kwa hiyo mafundi wanaofuata kanuni za Kiingereza hupiga hesabu hivi kwa jiko la nyumbani: ampea 10 za kwanza zinahesabiwa zote, zinazobaki unachukua asilimia 30 tu, na kama swichi ya jiko ina soketi pembeni yake unaongeza 5. Kwa jiko letu la ampea 31: 10, jumlisha 6.4, jumlisha 5, unapata kama ampea 21 na nusu. Ndiyo sababu utakuta breka ya 32 na kebo ya 6 zinatosha jikoni kwa watu wengi. Kebo ikiwa ndefu sana, au ikipita mahali penye joto kama darini chini ya bati, fundi anapanda hadi ya 10. Bati la Tanga mwezi wa pili si mchezo.

Swichi yenyewe, ile bapa kubwa yenye kitufe chekundu na kitaa kidogo, madukani huitwa kuka yuniti. Huandikwa ampea 45. Inakata waya wa moto, unaoleta umeme, na wa nyutro, unaourudisha, kwa pamoja, tofauti na swichi ya taa inayokata mmoja tu. Mahali pake ni pembeni ya jiko, mkono unapofika, kamwe si juu ya pleti. Nimeona nyumba moja mpya swichi imewekwa katikati, juu kabisa ya jiko, kwa ajili ya urembo. Mafuta yakishika moto kwenye karai utaifikiaje? Kutoka kwenye swichi kebo inashuka ndani ya ukuta hadi kwenye kibati cha kutolea waya nyuma ya jiko, na hapo inabanwa ili hata ukilivuta jiko kufagia, waya usinyofoke.

Ukigeuza jiko lenyewe ukafungua kifuniko chake kidogo cha nyuma, unakuta safu ya skrubu zilizoandikwa L1, L2, L3 (za waya wa moto), N (ya nyutro) na alama ya ethi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Wengi hushtuka hapo: waya tatu, skrubu tano au sita. Majiko mengi ya Ulaya yametengenezwa yaweze kutumia umeme wa njia tatu, yaani unaoingia kwa waya tatu za moto, maana huko nyumba nyingi zinao. Kwetu nyumba nyingi ni njia moja. Ndani ya kifuniko huwa kuna mchoro, na pamoja na jiko vinakuja vipande vidogo vya shaba, vidaraja, vya kuunganisha L1, L2 na L3 viwe kitu kimoja. Fundi asipoviweka, pleti mbili zinawaka na mbili zimekufa, na dukani utarudisha jiko zima. Kuhusu rangi, nyumba za zamani zina waya mwekundu wa moto na mweusi wa nyutro. Mpya zina kahawia na bluu. Ethi kwa kawaida ni kijani na njano. Kwenye kebo mpya za njia tatu mweusi naye ni waya wa moto, basi usiamini macho, amini kipimo.

Na skrubu zikazwe. Ukiniuliza kinachounguza majiko zaidi, sitataja umeme mwingi, nitataja skrubu iliyolegea. Waya ukigusana nusu nusu na skrubu, joto lote linakusanyika kwenye ile nukta. Shaba inapanuka, inasinyaa, skrubu inalegea zaidi, mpaka unasikia harufu ya vibua.

Ethi na kile kifaa cha RCD ni jambo la pembeni kidogo, ila kwa sisi wa pwani lina kisa chake. RCD inapima umeme uliotoka kwa waya wa moto na uliorudi kwa nyutro. Ikikuta upungufu wa miliampea 30, maana yake kuna unaovuja kwenda ardhini, labda kupitia mwili wa mtu, inakata kufumba na kufumbua. Sasa, ndani ya koili ya jiko, kati ya waya unaowaka na ganda la nje, kuna unga mweupe wa magnesiamu oksaidi, na unga huo unapenda unyevu. Jiko likikaa stoo masika yote, siku unaliwasha RCD inakata papo hapo na wewe unadhani limekufa. Mara nyingi limelowa tu, na fundi akilipima atajua namna ya kulikausha. Kitu kimoja tu usikubali: fundi aiondoe RCD "ili isisumbue."

Jambo jingine kwa wenye ndugu Marekani. Kule jiko nalo lina laini yake, ya ampea 40 au 50, lakini volti 240 zake zinapatikana kwa waya mbili za moto zenye 120 kila mmoja, pamoja na nyutro na ethi, na tangu kanuni zao za 1996 laini mpya lazima iwe ya waya nne. Ukiletewa jiko la huko ndani ya kontena, koili zinaweza kukubali umeme wetu, ila saa, taa ya oveni na ubongo wa kielektroniki mara nyingi vinataka zile 120, ambazo hapa hazipo. Anayekwambia "240 ni 240 tu" hajawahi kulifungua.

Kazi yenyewe si ya kujifunza jikoni kwako Jumamosi. Tanzania bara leseni za mafundi umeme zinatolewa na EWURA, Kenya ni EPRA, na fundi halali hachukii kuombwa kitambulisho. Kishoka ndiye anayechukia. Kabla hajachimba ukuta, mwambie akague pia waya unaotoka kwenye mita hadi bodi, kwani hakuna faida ya kuwa na barabara ya lami jikoni ikiwa daraja la kuingilia ni la magogo.

Kwa shangazi ilichukua siku moja na nusu. Fundi alipasua ukuta kutoka koridoni hadi jikoni, akalaza bomba, akavuta kebo ya 6, akaweka breka ya 32 na swichi yenye kitufe chekundu karibu na mlango. Kwa jiko la wati 3500 kebo nyembamba zaidi ingetosha, lakini shangazi alishaanza kuulizia bei ya lile la pleti nne. Kwenye bodi akaandika kwa kalamu ya wino JIKO TU, na shangazi akamwambia aandike kubwa zaidi, kwa sababu wajukuu hawasomi herufi ndogo. Soketi iliyopinda mdomo iling'olewa, ikawekwa mpya, na sasa inachaji simu. Jiko la mkaa bado lipo nje chini ya mwembe. Anasema la umeme ni la maharage na chai, lakini muhogo wa kuchoma hauna wati.