Mmarekani bora wa muda wote: hadithi tulizomeza bila kutafuna

Ubishi wa Messi na Ronaldo angalau una magoli ya kuhesabu. Ukianza kubishania nani ni Mmarekani bora wa muda wote, huna goli hata moja la kushika. Una hadithi tu, za shuleni, za kwenye filamu na za zile picha zenye maandishi zinazozunguka WhatsApp. Majina yanayotajwa hayanikeri. Lincoln, Washington, King, Ali, wote wanastahili kutajwa. Zinazonikera ni sababu zinazotolewa, maana nyingi hazikutokea kabisa, na nyingine zilitokea kwa mikono ya watu ambao hakuna anayewataja.

Dhana: Wamarekani wenyewe walishaumaliza ubishi huu

Kila mara atatokea mtu wa kusema ilishapigwa kura. Ni kweli ilipigwa. Juni 2005, Discovery Channel iliwaita watazamaji wa Marekani wamchague Mmarekani mkubwa kuliko wote, na aliyeshinda ni Ronald Reagan. Alimpita Lincoln kwa tundu la sindano. Martin Luther King akawa wa tatu, Washington wa nne, Benjamin Franklin wa tano. Sasa angalia kalenda: Reagan alifariki Juni 2004. Tanga lilikuwa kama halijaanuliwa bado.

Wanahistoria wana mizani yao. Kituo cha televisheni cha C-SPAN kimewaomba wawapange marais mwaka 2000, 2009, 2017 na 2021, na mara zote nne wamemweka Lincoln wa kwanza, huku Reagan akiwa hajawahi kupanda juu ya nafasi ya tisa. Lakini hao nao walikuwa wanapanga marais peke yao. King hakuwamo, Franklin hakuwamo, wala mwanamke yeyote.

Dhana: Lincoln alitia saini, watumwa wakawa huru

Hapa nitakaa kidogo. Tangazo la Ukombozi lilianza kazi tarehe 1 Januari 1863, na liliandikwa kwa tahadhari ya wakili, kwa kuwa Lincoln alikuwa wakili kweli. Nchi ilikuwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyoasi, na Tangazo liliwapa uhuru watumwa wa majimbo yaliyoasi tu. Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri, majimbo manne yenye watumwa ambayo hayakuasi, hayakuguswa. Tennessee nayo haikutajwa, na jiji la New Orleans, lililokuwa tayari mikononi mwa jeshi lake, likaachwa nje kwa jina. Yaani kwa sehemu kubwa uhuru ulitangazwa kule ambako amri yake ilikuwa haijafika, na pale ilipofika akanyamaza.

Ukiishia hapo unaangukia dhana nyingine, kwamba lile Tangazo lilikuwa kiini macho. Halikuwa. Katiba ya wakati ule ililinda utumwa, na rais hakuwa na mamlaka ya kuufuta katika jimbo tiifu. Alichokuwa nacho ni mamlaka ya amiri jeshi mkuu dhidi ya waasi, basi akakitumia hicho. Na ndani ya hati ile kulikuwa na kifungu ambacho wengi hukiruka: watu weusi wapokewe jeshini. Waliingia wapatao 180,000. Kuanzia hapo, kila jeshi liliposonga kusini, uhuru ulisonga nalo.

Watumwa wenyewe hawakukaa kungoja saini ya mtu. Tangu 1861 walikuwa wanatoroka mashambani na kukimbilia kambi za jeshi la Kaskazini, kwanza wachache, kisha maelfu, hata wanasiasa wa jiji la Washington wakalazimika kuamua la kufanya nao. Utumwa ulikuja kufutwa nchi nzima na Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyopita bungeni tarehe 31 Januari 1865 na kuidhinishwa na majimbo tarehe 6 Desemba mwaka huohuo. Lincoln alikuwa ameshakufa tangu Aprili. Kentucky, alikozaliwa, ilikuwa na watumwa hadi Desemba ile.

Tena ni Lincoln huyuhuyu ambaye Agosti 1862 aliwaita Ikulu wajumbe wachache weusi akawashawishi watu wao wahame Marekani. Anayempa Lincoln taji, na mimi mwenyewe nakaribia kumpa, ampe pamoja na kikao kile.

Dhana: Washington hakuwahi kusema uongo, na meno yake yalikuwa ya mbao

Kile kisa cha mtoto aliyekata mcheri kwa kishoka, kisha akamwambia baba yake kwamba hawezi kusema uongo, kilitungwa. Mtungaji ni Mason Locke Weems, mchungaji na mchuuzi wa vitabu, aliyetoa wasifu wa Washington mwaka 1800, muda mfupi baada ya mazishi, na kukichomeka kisa hicho kwenye toleo la 1806. Kisa cha kuwafunza watoto wasiseme uongo ni cha uongo. Kila nikikumbuka nacheka.

Meno sasa. Alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kuzaliwa nalo. Meno yake ya bandia yalikuwa na madini ya risasi, springi za chuma, meno ya watu, na vipande vilivyochongwa kutoka jino la kiboko. Mbao hazimo. Kwa asili kiboko haishi popote ila Afrika, kwa hiyo rais wa kwanza wa Marekani alihutubia taifa akiwa na kipande cha bara letu mdomoni. Na hayo meno ya watu? Daftari la hesabu la shamba lake, Mount Vernon, la mwaka 1784, lina malipo ya pauni 6 na shilingi 2 kwa meno tisa yaliyong'olewa kwa watu weusi. Halisemi kama ndiyo yaliyoishia kinywani mwake. Linasema yalinunuliwa.

Alipokufa mwaka 1799 palikuwa na watumwa 317 shambani hapo. 123 walikuwa wake, na wasia wake ukaagiza waachwe huru. Mimi nikitaka kumtetea Washington, naupeleka ubishi Annapolis, tarehe 23 Desemba 1783: jenerali aliyeshinda vita, mwenye jeshi linalomtii, anasimama mbele ya wabunge, anarudisha cheo chake na kwenda zake nyumbani. Sisi tunaowajua majenerali tunaelewa uzito wa jambo hilo.

Dhana: Franklin alikuwa rais, si yuko kwenye dola 100?

Hakuwahi. Alikuwa mchapaji, mwanasayansi na balozi wa nchi yake Ufaransa. Hata Alexander Hamilton wa dola 10 hakuwa rais. Tuendelee.

Dhana: Harriet Tubman aliwatorosha watumwa 300 kwa safari 19

Namba hizo zimetoka kwenye wasifu ulioandikwa na Sarah Bradford baada ya vita, na zimekuwa zikinakiliwa tangu hapo. Wanahistoria waliopitia kumbukumbu wanapata safari kama 13 na watu wapatao 70, wengi wao ndugu na jamaa zake wa Maryland. Usione ni wachache. Kila safari ilikuwa ni kurudi kwa miguu yako mwenyewe hadi kwenye nchi ambako wewe ni mali ya mtu, na tena akiwa mgonjwa, maana udogoni alipigwa na chuma kichwani na tangu hapo usingizi ulikuwa unamvamia ghafla mchana kweupe. Ile "reli ya chini ya ardhi" iliyowavusha haikuwa reli wala haikuwa chini ya ardhi. Ni nyumba, maghala na watu waliokubali kufungua mlango usiku.

Ajabu ni kwamba wanaoongeza chumvi kwenye namba hizo hulisahau tukio ambalo halihitaji chumvi. Tarehe 2 Juni 1863, katika mto Combahee huko South Carolina, Tubman aliwaongoza askari weusi wa jeshi la Kaskazini kwa mashua, na kufikia asubuhi walikuwa wamewatoa watumwa zaidi ya 700 kwa mpigo mmoja.

Halafu kuna ile nukuu: kwamba aliwakomboa watumwa elfu moja, na angekomboa elfu wengine kama wangejua kuwa wao ni watumwa. Hakuna hati yoyote ya wakati wake yenye maneno hayo. Na ni maneno ya kuudhi. Mtumwa yupi hakujua?

Dhana: Rosa Parks alikuwa bibi mchovu aliyegoma kuinuka, na King akazaliwa siku hiyo

Tarehe 1 Desemba 1955, siku aliyokamatwa ndani ya basi mjini Montgomery, Alabama, Parks alikuwa na miaka 42. Hakuwa amekaa kwenye viti vya Wazungu kama filamu zinavyotuonyesha. Alikuwa kwenye safu iliyofuata nyuma ya viti hivyo, na viti vya mbele vilipojaa dereva akawataka yeye na wenzake watatu wainuke. Watatu wakainuka. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba mwili wake haukuwa na uchovu wa kupita kawaida, alichochoka nacho ni kusalimu amri. Kwa miaka mingi alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mjini hapo, akiandika taarifa za watu weusi waliodhulumiwa. Alijua alichokuwa anafanya.

Wala hakuwa wa kwanza. Miezi tisa kabla, tarehe 2 Machi, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kuinuka kwenye basi la mji huohuo akaburutwa na polisi. Yeye ni mmoja wa wanawake waliofungua kesi iliyokuja kuua ubaguzi kwenye mabasi ya Montgomery.

Mimi usiku ninaoupenda ni ule wa baada ya Parks kukamatwa. Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo cha Alabama State, anaingia chuoni na wenzake wachache, wanawasha mashine ya kudurufu na kuchapa maelfu kwa maelfu ya vikaratasi vya kuwaita watu wasusie mabasi siku ya Jumatatu. Vikaratasi vinachapwa hadi alfajiri, vinakatwa, vinafungwa mafungu, asubuhi vinasambazwa mashuleni na madukani. Ukikisoma kikaratasi kile utaona kinasema mwanamke mwingine mweusi amekamatwa. Jina la Colvin limo. La Parks halimo.

King aliingia baadaye, mchungaji mgeni mjini mwenye miaka 26, wakamchagua awe kiongozi. Mgomo ulidumu siku 381, na watu walitembea kwa miguu siku zote hizo.

Huyu King naye tumemfanya kipenzi cha wote. Mwaka 1966, kura ya maoni ya Gallup ilikuta Wamarekani 63 katika kila 100 hawamtaki. Mwaka uliofuata alipoipinga vita ya Vietnam, hata marafiki zake wakamgeuka. Aliuawa tarehe 4 Aprili 1968 huko Memphis, alikokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma. Sheria ya kuifanya siku yake kuwa sikukuu ya taifa ilitiwa saini mwaka 1983, na Reagan.

Dhana: Mkubwa lazima awe na jukwaa au bunduki

Kwenye ubishi wowote mimi hulitupia jina la Norman Borlaug, na kila mara huulizwa, huyo ni nani? Mtoto wa mkulima kutoka Iowa, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, alitumia miaka mingi Mexico akichanganya mbegu za ngano hadi akapata ngano fupi isiyolala chini kwa uzito wa masuke yake na inayostahimili ugonjwa wa kutu. India na Pakistan ziliipanda katika miaka ya 1960, naye mwaka 1970 akapewa Nobel ya Amani. Wanaosema aliokoa watu bilioni moja wanabahatisha, idadi hiyo haihesabiki. Lakini aina mpya ya kutu ya ngano ilipogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuvuka hadi Kenya, ni mzee huyu, akiwa amekwishapita miaka 90, aliyefika Njoro mwaka 2005 kuyaona mashamba na kupiga mbiu duniani. Mla chapati anaweza kumpa hata kura moja.

Dhana: Muhammad Ali hakuwahi kupigwa, na alifungwa kwa kukataa vita

Alipigwa mara tano: Frazier, Norton, Spinks, Holmes, Berbick. Kwa kukataa jeshi mwaka 1967 alinyang'anywa mkanda na kuhukumiwa miaka mitano, ila alikuwa nje kwa rufaa, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu. Gharama aliyolipa ni miaka zaidi ya mitatu bila ulingo, akiwa katika ubora wake. Kisha akaja Kinshasa, Oktoba 1974, akamlaza Foreman raundi ya nane, na jina alilojipa mwenyewe, Mkubwa Kuliko Wote, likamkaa.

Februari 1980 Rais Carter alimtuma Afrika kuzishawishi nchi zetu zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Vijana walimpokea kwa shangwe. Mwalimu Nyerere akakataa kumwona. Waandishi wa habari wakamuuliza: Afrika iliposusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kwa ajili ya ubaguzi wa Afrika Kusini, Marekani ilikuwa wapi? Na je, anajua kuwa ni Wasovieti haohao wanaowapa silaha wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika? Ali hakuwa na jibu. Alikiri mbele yao kwamba hayo hakuwa ameambiwa, akaanza kusema kwa sauti kuwa pengine ametumiwa.

Akaenda Nairobi; Kenya ilisusia. Tanzania ikapeleka wanariadha wake Moscow, na Filbert Bayi akapata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, siku iliyofuata Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hizo ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo nchi hii imewahi kuleta nyumbani.