Hakojoi Ndani kwa Jeuri: Dhana Potofu Kuhusu Vibwa Chotara wa Pudo

Baba mmoja aliniletea Maltipoo (chotara wa Maltese na pudo) wa wiki 14, mweupe, uzito hata kilo 2 haujafika, akaniomba nimpime figo. "Dokta, huyu namtoa nje nusu saa nzima hakojoi. Tukirudi ndani, nikigeuza kisogo tu, anaenda nyuma ya kochi anamaliza shida zake. Ana jeuri." Nilipima mkojo, nikaukuta safi. Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mtu mwenye kibwa: akikojoa ndani, mnamfanyaje? Akajibu bila kusita kwamba wanamsugua pua kwenye mkojo wake, kisha anapigwa kofi dogo la matako, ili ajue.

Jibu hilo nimelisikia hapa Dar es Salaam mara nyingi kiasi kwamba naweza kulikamilisha kabla mteja hajafunga mdomo. Nimelisikia kwa wahasibu, kwa walimu, hata kwa muuguzi mmoja. Wote wanawapenda mbwa wao na wote waliambiwa na mtu mwingine. Wiki hii nimelisikia mara tatu, basi naandika.

"Msugue pua, atajua kosa lake"

Mbwa huunganisha alichofanya na kinachomfika papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Ukirudi kazini ukakuta dimbwi kwenye vigae, mkojo ule una dakika 10 au saa nzima. Kwake umeshapita. Anachofanya wakati ule ni kukukimbilia mlangoni akitikisa mkia, na hicho ndicho unachokiadhibu. Baada ya siku chache atasita kuja ukimwita, nawe utasema amekuwa mkaidi.

Na ukimfumania anakojoa ukampigia kelele? Hapo unamfundisha jambo baya zaidi: kukojoa mbele ya mtu ni hatari. Mtoto wa mbwa hajui kwamba zulia ni zulia na majani ni majani. Anachojua ni kwamba binadamu akiwepo na mkojo ukitoka, kuna kofi. Sasa mtoe nje na kamba mkononi mwako, umsimamie kama askari, kisha ushangae kwa nini anajibana! Anasubiri usimwone. Nyuma ya kochi humwoni. Yule Maltipoo alikuwa ameelewa somo alilopewa, tena barabara.

Watu hunijibu, "Lakini anajua, dokta. Ukimwona anavyolaza masikio na kukwepesha macho, ni mtu mwenye hatia." Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Barnard College, New York, alichapisha jaribio kuhusu sura hiyohiyo. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kipande cha chakula, akatoka chumbani. Akirudi, aliambiwa kama mbwa amekula au hajala, na mara nyingine aliambiwa uongo. Sura ya hatia haikutegemea kama mbwa amekula. Ilitokea pale bwana wake alipomkaripia, na kwa mbwa wasio na kosa waliokaripiwa ndiyo ilijitokeza zaidi. Unachokiona usoni mwake ni woga anaoupata akikutazama wewe, maana amesoma uso wako na sauti yako.

Vibwa wengine, hasa wapole, hudondosha mkojo palepale unapowainamia na kufoka. Huko ni kunyenyekea kwa lugha ya mbwa: anakuomba yaishe. Ukiongeza kofi, mkojo unaongezeka. Nimeona nyumba iliyokaa miezi mitatu ndani ya mzunguko huo.

Kinachosaidia ni saa. Kibofu cha kibwa wa miezi miwili hakiwezi kushika muda mrefu; kanuni tunayotumia ni umri wake kwa miezi, jumlisha moja, hizo ndizo saa za juu kabisa akiwa ametulia. Miezi miwili, saa tatu. Lakini chotara wa pudo mdogo ana kibofu kidogo kama ndimu, na akiwa macho anacheza mimi nampa saa moja tu. Mtoe akiamka, mtoe akimaliza kucheza, mtoe dakika 15 hivi baada ya kula, mtoe kabla ya kulala, na usiku amka mara moja au mbili. Mpeleke mahali palepale kila siku, kwa mlango uleule, kwa sababu harufu ya jana itamkumbusha. Simama kimya. Akimaliza, mpe papo hapo kipande cha ini la kuchemsha kisichozidi punje ya harage. Usimpe mkirudi jikoni. Hapo unamlipa kwa kurudi jikoni.

Halafu jambo ambalo wengi hulikosa: akishakojoa, kaeni nje dakika tano mcheze. Ukimwingiza ndani mara tu mkojo unapokatika, atajifunza kuubania ili matembezi yasiishe.

Asipofanya kitu nje, mrudishe ndani ukiwa umemfunga kamba kiunoni pako, au mweke kwenye kizimba chake, kisha mtoe tena baada ya dakika 10. Kibwa asiyeonekana ni kibwa anayekojoa. Akianza ndani mbele yako, mnyanyue bila kelele umalizie naye nje, kisha mpe ini lake kama kawaida. Ukikuta dimbwi, deki, basi.

Ninachong'ang'ania kuliko vyote ni daftari. Liwekwe juu ya friji, aandike kila mtu wa nyumba: saa ngapi amekula, saa ngapi amekojoa, wapi. Dada wa kazi, watoto, mlinzi, wote. Baada ya siku nne utaona kibwa wako ana ratiba kama ya daladala za asubuhi, na ajali nyingi zinatokea saa zilezile ambazo hakuna aliyemtoa. Wapo wanaoniambia hawana muda wa daftari. Kama dakika hizo hazipo, mtoto wa mbwa asichukuliwe mwaka huu. Chukua mbwa mzima aliyekwisha fundishwa.

Wanaoishi ghorofani, Upanga au Kariakoo, watumie trei ya udongo au majani halisi kwenye varanda. Masika yakianza, jiandae: vibwa hawa huchukia majani yaliyolowa yakiwagusa tumbo. Toka naye na mwavuli, usimfukuze mvuani peke yake.

Baba yule nilimpa kamba ndefu ya mita tano, nikamwambia asimtazame kibwa machoni akiwa nje. Siku ya sita akanipigia usiku kuniambia amekojoa chini ya mwembe. Alikuwa na furaha kama mtu aliyepata mjukuu.

"Nimemchukua wa wiki tano ili anizoee"

Kosa hili hufanyika kabla kibwa hajafika nyumbani, na ndilo huzaa nusu ya matatizo ya mkojo ninayoletewa. Asitoke kwa mama kabla ya wiki 8. Vibwa wakiachwa na mama mahali pasafi, tangu wiki ya tatu hivi huanza wenyewe kujongea mbali na wanapolala ili wajisaidie. Wiki zinazofuata ndizo wanapozoea kukanyaga kitu fulani wakati wa haja: majani, mchanga au saruji. Aliyekulia kwenye kizimba chembamba cha waya, akila na kulala juu ya uchafu wake, tabia hiyo ya usafi imekufa. Huyo atakojoa kwenye godoro lake na kulilalia, na kumrekebisha ni kazi ya miezi.

Kwa hiyo usinunue picha ya mtandaoni, wala usikutane na muuzaji kwenye maegesho ya duka. Nenda anapozaliwa. Omba kumwona mama. Angalia wanapolala na wanapojisaidia kama ni mahali pawili tofauti. Muuzaji akisema mama yuko safari, nawe safiri urudi kwako. Kadi ya chanjo iwe na stika za chupa, tarehe na saini. Karatasi iliyoandikwa "amechanjwa" pekee haina maana.

"Pudo hana manyoya, kwa hiyo haleti aleji"

Protini inayowasumbua wengi wenye mzio wa mbwa iko kwenye mate na mba, na kila mbwa ana mate. Wally Conron, aliyezalisha Labradoodle (chotara wa Labrador na pudo) kwa shirika la mbwa wanaowaongoza wasioona nchini Australia mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuwa anatafuta mbwa kwa ajili ya mwanamke mmoja wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na aleji. Vibwa walizaliwa watatu. Sampuli za manyoya na mate zilipelekwa Hawaii, akafaa mmoja tu. Na vibwa wote watatu ni wa mama mmoja na baba mmoja! Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walipima mbwa wanaosifiwa kuwa salama, wakakuta protini hiyo kwenye manyoya yao ni nyingi kuliko kwa mbwa wengine. Mwenye pumu nyumbani aende akakae na kibwa mwenyewe, zaidi ya mara moja, kabla pesa haijatoka.

Chotara nao huugua. Mfupa wa pia ya goti kuchomoka mahali pake ni ugonjwa wa pudo wadogo, na wa Maltese vilevile, kwa hiyo kuwachanganya hakuufuti. Na "pudo wa kikombe" ni jina la biashara; huyo mara nyingi ni kibwa aliyedumaa au aliyezaliwa dhaifu, sukari yake ya damu huweza kushuka akikosa mlo mmoja. Mlishe mara nne kwa siku.

Kumnyima maji ili asikojoe ni ukatili kwa joto letu. Jiki nayo isimwagwe juu ya mkojo: vikichanganyika hutoa hewa inayochoma mapafu, yako na yake. Kausha kwanza kwa tambara, kisha tumia dawa yenye vimeng'enya, na sugua sana ile mistari kati ya vigae, kwa sababu harufu hujificha humo.

Wapo pia wanaomfungia ndani hadi chanjo zote ziishe, karibu wiki 16, halafu wanaanza kumfundisha nje mbwa ambaye amekwisha zoea vigae. Pavo, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua vibwa, ni hatari kweli na virusi vyake hukaa ardhini kwa miezi. Barabarani na ufukweni asikanyage bado. Lakini kwenye ua wako wenye ukuta, pasipoingia mbwa wasiochanjwa, anza siku ya kwanza.

Ukifuata ratiba wiki tatu bila kukosa na bado anakojoa matone kila dakika chache, au mkojo una damu, au aliyekwisha elewa ameanza upya ghafla, hilo sasa ni langu. Kinga mkojo wa asubuhi kwenye kichupa kikavu na kisafi, uniletee ndani ya saa moja, na uje na daftari.