Majina ya Ukoo Hayakubadilishwa Ellis Island

Kila ninapotoa mihadhara ya kutwa kuhusu kufuatilia historia ya familia, hakosekani msikilizaji anayesimama na kueleza kwamba jina la babu yake lilibadilishwa na karani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji jijini New York kilichofanya kazi kuanzia 1892 hadi 1954. Ni simulizi inayopendwa na kurithishwa kwa upendo, lakini si ya kweli, na humpotezea mtafiti miaka ya kutafuta mahali pasipostahili.

Wakaguzi wa kituo hicho hawakuandika majina upya. Walishika orodha ya abiria iliyokwisha kujazwa na kampuni ya meli kabla ya safari, wakahakiki majibu ya msafiri dhidi yake, mara nyingi wakisaidiwa na wakalimani. Fiorello La Guardia, aliyekuja kuwa meya wa New York, alikuwa mmoja wa wakalimani hao kati ya 1907 na 1910.

Aliyeitwa Schmidt akawa Smith kwa kawaida alijibadilishia mwenyewe baadaye, kazini, shuleni au mahakamani, kwa kuwa sheria ya uraia ya 1906 iliiruhusu mahakama kubadilisha jina la mwombaji wakati wa kumpa uraia. Kwa hiyo anzia kwenye majalada ya uraia: fomu za baada ya mwaka huo huonyesha meli na tarehe ya kuwasili, na kutoka hapo unaweza kuifungua orodha ya abiria na kulisoma jina la awali.